Ncha Mbili za Waya Mmoja

Kila siku ya shule Kamusi aliondoka nyumbani robo saa kabla ya kaka yake. Si kwamba alipenda kutembea peke yake. Kilichomtoa mapema ni ufunguo. Alikuwa kiranja wa chumba cha kompyuta, na kazi ya kiranja huyo ni kufungua mlango na madirisha, kuondoa vifuniko vya vumbi na kupangusa kibodi kumi na mbili kwa kitambaa kikavu kabla kengele haijagongwa. Ufunguo wenyewe aliuvaa shingoni kwa kamba, juu ya sare wala si ndani, asije akatokea mtu wa kusema hakuuona.

Jina lake la daftarini lilikuwa jingine, lakini shule nzima ilimwita Kamusi. Alilipata jina hilo muhula uliopita, mwalimu wa kompyuta alipowapa darasa la sita mtihani wa maneno thelathini ya mtandao. Wenzake walitapatapa. Yeye alipata thelathini kwa thelathini. Swichi: kifaa kinachounganisha vifaa vingi ndani ya mtandao mmoja. Ruta: kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mtandao mwingine. Kebo ya mtandao: waya unaosafirisha data kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Aliyamwaga yote kama yalivyoandikwa ubaoni, mpaka na nukta.

Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba aliyakariri tu, akiyaimba jikoni wakati wa kuosha vyombo. Angeambiwa aonyeshe swichi kwa kidole, angebabaika. Lakini hakuna aliyemwambia aonyeshe, na Kamusi hakuona sababu ya kujichongea.

Alhamisi moja, alipokuwa akifunika ndoo ya maji ya kupangusia meza, alisikia akiitwa kutoka upande wa pili wa ukumbi.

"Kamusi! Mwanangu, hebu njoo mara moja."

Aliyeita alikuwa Mama Ofisi, mhazili wa shule. Hata walimu walimwita hivyo. Alikuwa ameifanya kazi ile miaka ishirini na sita, tangu enzi za taipureta, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa uzi mweusi. Kompyuta zilipoletwa zilimtoa jasho. Watu bado walikuwa wakicheka siku ile aliposhika kipanya akakiinua hewani, akakielekeza kwenye kioo kama mtu anayebadilisha stesheni ya televisheni. Yeye mwenyewe alicheka pamoja nao, kisha akanunua kidaftari kidogo, akaanza kujiandikia maana ya kila neno jipya alilolisikia.

Kamusi aliingia ofisini akakuta vitu vimehamishwa. Usiku mvua ilikuwa imevuja juu ya meza ya dirishani, na asubuhi mlinzi alikuwa ameichomoa printa na kuipeleka meza ya pili, karibu na kabati la mafaili. Kwenye meza ya dirishani kulibaki ule waya wa buluu uliokuwa umechomekwa kwenye printa. Ncha yake ilikuwa imening'inia karibu na kisanduku cheusi chenye matundu mengi na vitaa vya kijani.

"Mwalimu wako wa kompyuta yuko kwenye mafunzo mpaka wiki ijayo," Mama Ofisi alisema, "na mimi leo sina hata dakika ya kupoteza. Majina ya watahiniwa wa darasa la saba yanatakiwa yafike ofisi ya mitihani leo, saa kumi alasiri, kwa njia ya mtandao. Saa kumi na dakika moja wanafunga. Wako hamsini na wanane, nimeingiza thelathini na sita. Nataka nichape orodha niihakiki, lakini printa haijibu. Huu waya unaingia wapi?"

Kamusi aliutazama ule waya. Hakujua. Neno "sijui" lilifika mpaka kwenye ulimi, lakini papo hapo akakumbuka ufunguo ulioko shingoni na jina analoitwa, akalimeza.

"Hiyo ni kebo ya mtandao, Mama," alisema. "Ni waya unaosafirisha data kutoka kifaa kimoja hadi kingine."

"Sawasawa. Na unaingia wapi?"

Kisanduku cheusi kilikuwa na tundu wazi. Ncha ya waya ilikuwa na umbo lilelile la tundu. Kamusi aliichomeka, ikalia *ka!* na kukaa vizuri kabisa. Vitaa vya kijani vikaanza kuwaka na kuzima kwa kasi, vyote kwa pamoja. Alivipenda. Aliona vinafanya kazi.

"Tayari, Mama."

Mama Ofisi alivaa miwani yake akageuka kuitazama printa kule kwenye kabati. "Mbona printa yenyewe haina waya?"

"Hiyo... hiyo inatumia Wi-Fi, Mama. Haihitaji waya. Ngoja kidogo tu, itajibu."

Kengele iligongwa, ikamwokoa. Kamusi alitoka mbio kuelekea mstarini.

* * *

Saa nne na dakika kumi, katikati ya kipindi cha hesabu, mwanafunzi wa darasa la nne alipiga hodi. "Mwalimu Mkuu anamwita Kamusi."

Ofisini hewa ilikuwa nzito. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama na simu sikioni, tai imelegezwa. Mama Ofisi alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yake, mikono juu ya mapaja. Kwenye kioo kulikuwa na ukurasa mweupe na maneno yaliyosema kwamba hakuna muunganisho.

"Hakuna kompyuta hata moja inayofungua," Mwalimu Mkuu alikuwa akisema simuni. "Hapa ofisini, chumba cha walimu, chumba cha wanafunzi, kote kumekufa. Nimejaribu kwa simu yangu, lakini unatujua, tuko bondeni huku. Ukurasa unafunguka nusu unaganda."

Alibonyeza simu ili sauti isikike na wote. Ilikuwa sauti ya fundi wa mtandao, mwanamke, na nyuma yake kulisikika mtu akipiga nyundo.

"Shikamoo tena, Mwalimu. Mimi niko kwenye jengo la hospitali, navuta nyaya, siwezi kuziacha zinaning'inia juu ya vichwa vya wagonjwa. Lakini niambieni jambo moja. Kuna mtu yeyote amegusa waya leo? Hata mmoja? Amechomoa, amechomeka, amehamisha kifaa? Maana kama yupo, arudishe ulivyokuwa. Huenda msinihitaji kabisa."

Mwalimu Mkuu aligeuka. "Mama, uligusa nini?"

"Mlinzi alihamisha printa kwa sababu ya mvua," Mama Ofisi alijibu taratibu. "Kisha huyu mwanangu akanichomekea ule waya wa buluu. Baada ya hapo ndipo ukurasa ukaanza kukwama. Mimi nafikiri tuuchomoe."

"Kamusi, ni wewe uliyechomeka?"

Macho yote yalimgeukia. Kamusi alihisi ule ufunguo umekuwa mzito kama jiwe. Thelathini kwa thelathini, kisha aseme ameua mtandao wa shule siku ya kupeleka majina, na jina la kaka yake mwenyewe likiwa humo! Mdomo ulifunguka kabla hajauruhusu.

"Mimi nilimweleza tu kebo ni nini, Mwalimu. Yeye ndiye..."

Hakuimalizia sentensi. Haikuhitaji kumaliziwa.

Mama Ofisi alimtazama. Hakukasirika, alimtazama kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akafungua mdomo, "Mwanangu—" lakini Mwalimu Mkuu alikuwa amekwisha inua mkono.

"Basi, Mama. Mtoto anayajua haya kuliko mimi na wewe. Sikulaumu, lakini tafadhali, usiguse tena chochote. Chochote!" Akarudi kwenye simu. "Fundi, hakuna kitu cha maana kilichoguswa. Printa tu ilisogezwa."

"Basi itakuwa antena ya juu ya paa," sauti ilisema. "Mvua ya jana ilikuwa na upepo. Nikimaliza hapa nakuja na ngazi. Lakini si kabla ya saa nane na nusu."

Kamusi alirudi darasani. Kwenye daftari la hesabu aliandika tarehe, kisha akaiandika tena chini yake.

Habari za shule huwa na miguu yake. Wakati wa mapumziko kila mtu alikuwa anajua. Karibu na bomba la maji kundi la wavulana lilikuwa limebuni wimbo wa mstari mmoja, "Mama Ofisi kaua mtandao," wakiuimba huku mmoja wao akiinua kipande cha tofali hewani kama kipanya. Watu walivunjika mbavu. Kaka yake Kamusi hakucheka.

"Ni kweli majina hayajaenda?" alimvuta pembeni kumwuliza. "Mwalimu wetu wa darasa anasema jina lisilofika leo halipo. Mtu atakaa mwaka mzima akisubiri. Mimi naanza na W, Kamusi. Mama Ofisi anafuata alfabeti."

"Fundi anakuja," Kamusi alisema.

"Wewe huwezi kutengeneza? Si wewe ndiye mtaalamu?"

Kamusi aligeuka akaondoka. Mara mbili alipita mbele ya mlango wa ofisi, akitaka kuingia na kuuchomoa ule waya mtu asimwone. Hakuwa na hakika kwamba ndio uliosababisha. Alitaka tu kuurudisha mahali pake, amalize. Mara zote mbili Mwalimu Mkuu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mhazili, anatazama ukurasa mweupe kama anayesubiri uombe radhi. Mama Ofisi alikuwa amehamishiwa kwenye benchi la wageni. Alikuwa na orodha ya karatasi mapajani, akihakiki kwa kalamu majina ishirini na mawili yaliyobaki, tarehe za kuzaliwa, herufi kwa herufi, ili mtandao utakaporudi asipoteze muda kufikiri. Kando yake, kidaftari chake kidogo kilikuwa wazi.

* * *

Fundi mtandao alifika saa nane na dakika arobaini. Alikuwa msichana mrefu mwenye ovaroli la kijivu na mkoba uliojaa nyaya, akapanda paani kwa ngazi yake mwenyewe bila kusubiri maelezo. Mwalimu Mkuu alimwita Kamusi aishike ngazi. "Wewe utamwelewa akihitaji kifaa," alisema.

Kamusi aliishika ngazi. Dakika kumi, kumi na tano, ishirini. Juu kulisikika bisibisi ikikwaruza bati. Mwishowe fundi aliteremka, akajipangusa mikono kwenye ovaroli.

"Antena ni nzima kama ilivyozaliwa," alisema. "Intaneti inafika mpaka kwenye ruta. Ugonjwa uko ndani. Sasa itabidi nifuate waya mmoja mmoja, na mna nyaya kama thelathini humu. Nitaanza na chumba chenu cha kompyuta, maana ofisini wanasema hakuna aliyegusa kitu. Saa ngapi sasa?"

"Saa tisa na dakika saba, Dada Fundi."

"Mmh. Haya, nisaidie. Swichi yenu ya chumba cha kompyuta iko wapi?"

Kamusi alitazama huku na huku.

"Swichi, mdogo wangu. Mwalimu Mkuu kasema wewe ni bingwa."

"Swichi ni kifaa kinachounganisha vifaa vingi ndani ya mtandao mmoja," Kamusi alisema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

Fundi alicheka, lakini si kwa ubaya. "Hayo ni ya mtihani. Mimi nataka nikione." Walikuwa wamekwisha ingia chumbani. Aliinama chini ya meza ya mwalimu, akagonga kwa kidole kisanduku cheusi chenye matundu mengi na vitaa vya kijani. Vilikuwa vinawaka na kuzima kwa kasi, vyote kwa pamoja. "Ni hiki hapa. Na ofisini kipo kingine kama hiki. Vimeungana kwa waya unaopita darini."

Kamusi alikitazama. Kila asubuhi alikuwa akikipangusa vumbi, na siku zote alidhani ni kitu cha umeme.

"Dada Fundi," alisema. "Waya mmoja unaweza kuua mtandao wa shule nzima?"

"Sana tu. Ukichomekwa vibaya." Fundi alikuwa ameanza kuchomoa na kurudisha nyaya, moja baada ya nyingine, akitazama vitaa. "Chukulia swichi ni karani wa barua. Kila tundu ni mlango wa chumba fulani. Kila mashine ina namba yake, ile tunayoiita anwani. Barua ikija, karani anasoma anwani, anaipeleka chumba kinachohusika. Ruta ni geti la nje: barua ya mjini inatoka kupitia pale. Mpaka hapo tuko pamoja?"

"Ndiyo."

"Sasa kuna barua ambazo ni za kuuliza. Kompyuta inauliza, 'Jamani, printa iko chumba gani?' Karani hajui, basi anatoa nakala, anapeleka kila mlango. Printa inasikia, inajibu, maisha yanaendelea. Lakini atokee mtu achukue waya ambao ncha yake moja iko kwa karani, na ile ncha ya pili nayo aichomeke kwa karani huyohuyo. Nini kitatokea?"

Kamusi aliona ule waya wa buluu. Aliuona vizuri, kuliko alivyouona asubuhi alipokuwa ameushika. Ulitoka kwenye kisanduku, ukapita nyuma ya meza, ukazunguka, na ncha yake ikaja kuning'inia pale pale ulipoanzia, kwa sababu printa iliyokuwa mwisho wake ilikuwa imeondolewa.

"Nakala itatoka mlango mmoja," alisema polepole, "irudi kwa mlango mwingine. Karani atadhani ni barua mpya. Atatoa nakala tena. Zitarudi tena."

"Eeh! Na tena, na tena, maelfu kwa sekunde moja. Mpaka karani anazama kwenye karatasi zake mwenyewe na hawezi kumhudumia mtu yeyote. Ukitazama, utaona vitaa vyake vinahangaika vyote kwa pamoja, kama hivi." Fundi aliacha kuchomoa nyaya, akamtazama Kamusi usoni. "Umejuaje kunijibu vile?"

Ukutani saa ilionyesha saa tisa na robo. Kamusi angeweza kusema alibahatisha. Neno lilikuwa tayari. Lakini zaidi ya neno hilo alikuwa anamwona Mama Ofisi kwenye benchi la wageni, ndani ya ofisi yake mwenyewe, anahakiki herufi za jina la kaka yake.

"Ni mimi," alisema. "Asubuhi. Waya wa buluu, ofisini. Niliuchomeka kwenye kisanduku nikijua sijui. Kisha nikasema si mimi."

Fundi hakupoteza hata pumzi. Alishika mkoba wake. "Twende. Mbio."

* * *

Waliingia ofisini pamoja, na fundi akaenda moja kwa moja kwenye meza ya dirishani. Lakini alipofika hakuugusa ule waya. Alisogea pembeni, akamwachia Kamusi nafasi.

"Ni upi?"

Kamusi aliubana ulimi wa plastiki kwenye ncha ya waya wa buluu, akauvuta. Vitaa viliendelea kuhangaika kidogo, kisha vikatulia. Kimoja kikapepesa. Kingine kikafuata, kwa nafasi yake. Kwenye kioo cha Mama Ofisi ukurasa mweupe ulijifuta, na fomu ya ofisi ya mitihani ikafunguka, na juu yake kulikuwa na namba: thelathini na sita kati ya hamsini na wanane.

Mwalimu Mkuu alisimama kutoka kwenye kile kiti kana kwamba kimemchoma. "Imekuwaje?"

"Mwalimu, ni mimi niliyeuchomeka waya asubuhi," Kamusi alisema. Alisema kwa sauti, maana alijua akisema kwa kunong'ona atatakiwa arudie. "Mama Ofisi alisema kweli. Alisema na dawa yake pia, kwamba tuuchomoe. Mimi nilidanganya."

Halafu Mama Ofisi akainuka kwenye benchi na karatasi zake mkononi.

"Hayo tutayazungumza," alisema. "Sasa hivi ni saa tisa na dakika kumi na nane. Mwalimu, naomba kiti changu. Kamusi, simama hapa, shika orodha, unisomee. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba. Usikimbie, na usinung'unike."

Kamusi alisoma. Mikono ya mtu aliyejifunza kwenye taipureta haitazami kibodi. Ilikwenda kama mvua juu ya bati. Mara moja Kamusi alikwama kwenye jina refu lenye herufi zinazofanana. Alitaka kulipitia juu juu, kisha akasema, "Hapa sioni vizuri kama ni N au M," na Mama Ofisi akasimama, akahakiki, akaendelea. Fundi, kwa upande wake, alichukua waya mwingine kwenye mkoba na kuiunganisha printa na swichi. Mwalimu Mkuu hakuwa na la kufanya. Alikwenda mwenyewe kuleta maji ya kunywa.

Jina la mwisho lilikuwa la W. Kamusi alilisoma herufi moja moja.

Saa kumi kasoro dakika tano Mama Ofisi alibonyeza kitufe cha kutuma. Kwenye kioo kulitokea mstari wa kijani: majina hamsini na wanane yamepokelewa. Printa ilikohoa, ikaanza kutema orodha. Hakuna aliyepiga makofi. Wote wanne walikaa walipokuwa, kama watu walioteremsha mzigo na bado mabega hayajaamini.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyeanza. Alifunga tai yake sawasawa kwanza.

"Mama, saa nne asubuhi ulinipa jibu, nikakuambia usiguse kitu. Kisha nikakutoa kwenye kiti chako mbele ya watu. Nisamehe. Kesho mstarini nitalisema hili mbele ya shule nzima, maana nasikia kuna wimbo."

"Nimesikia wimbo," Mama Ofisi alisema. "Hauna vina."

Mwalimu Mkuu alishindwa kujizuia kucheka, lakini alipomgeukia Kamusi kicheko kilikuwa kimekwisha. Alinyoosha mkono. Kamusi hakuulizwa; aliuvua ufunguo shingoni, akauweka kwenye kiganja chake.

"Mpaka mwisho wa muhula," Mwalimu Mkuu alisema. "Si kwa kuchomeka waya vibaya. Hilo hata mimi ningefanya. Ni kwa zile saa tano ulizoficha."

* * *

Kesho yake, baada ya vipindi, Kamusi alikwenda ofisini bila kuitwa. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima, lakini alipomwona Mama Ofisi yakamtoka yote, akabaki na mawili tu.

"Samahani, Mama."

"Nimekwisha kukusamehe, mwanangu. Keti." Mama Ofisi alisukuma kuelekea kwake karatasi za kunata na kalamu. Fundi alikuwa ameshauri kila waya uandikwe ncha zote mbili unakotoka na unakokwenda, na Mama Ofisi alikuwa ameanza. Kidaftari chake kilikuwa mezani, na Kamusi akakisoma kwa pembe ya jicho. *Ruta: geti. Swichi: mgawaji. Nywila: ufunguo wa kichwani. Seva: ghala la wote.*

"Maelezo haya ni mazuri kuliko yangu," Kamusi alisema.

"Yako ni mazuri vilevile. Tatizo ni kwamba hukuwahi kuvishika vifaa vyenyewe kwa mkono." Mama Ofisi alivua miwani. "Sikiliza, nikuambie jambo, kisha tufanye kazi. Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye kiti hiki, na kila miaka michache wananiletea mashine nisiyoijua. Kila mara nimesema 'sijui', watu wakacheka, siku ya pili nikawa najua. Kicheko cha watu kinakaa siku moja. Wewe jana uliogopa hicho kicheko, ukaficha kutojua kwako chini ya maneno makubwa, kisha ukakuta huwezi kuendelea kuficha bila kusema uongo, kisha uongo ukahitaji mtu wa kuubeba, na aliyekuwa karibu ni mimi. Unaona ulivyotoka mbali? Ulianza na neno moja tu dogo ulilolimeza."

Kamusi aliinamisha kichwa.

"Na ukikosea, sema saa ileile. Asubuhi kosa lilikuwa la kurekebishwa kwa kuchomoa waya mmoja. Saa tisa lilikuwa limekwisha kuwa kosa la watoto hamsini na wanane, na lingefika saa kumi, mimi na wewe tusingeweza kulitengeneza tena. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Umeelewa, au umekariri?"

Kamusi alifikiri. Kisha akasema kwa maneno yake mwenyewe, akikatakata, akitafuta, akirudi nyuma kusahihisha. Alichukua muda. Mama Ofisi alimsikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani, na wote wawili wakapiga magoti chini ya meza kutafuta waya wa kwanza unakotoka.